Nyumba ya kiwandani, apatimenti au kiwanja chako: ulinganisho kwa familia inayotafuta makazi Marekani

Kwa mtu aliyekulia Mwanza, Bukavu au Machakos, ujenzi huanza na kiwanja. Ardhi hununuliwa kwanza, hata kama itapita miaka kumi kabla ya kupaua, kwa kuwa nyumba isiyo na ardhi chini yake haihesabiwi kuwa mali. Ndiyo sababu nyumba za kiwandani za Marekani huwatatiza wengi wetu: unauziwa nyumba kamili yenye vyumba vitatu, jiko na mahali pa mashine ya kufulia, lakini udongo ilipokaa ni wa mtu mwingine, na kila mwezi unamlipa kodi ya kiwanja. Watu wa Mombasa hawashangai sana, kwa sababu katika mitaa kama Majengo zipo familia ambazo kwa vizazi zimemiliki nyumba huku zikimlipa mwenye ardhi kodi ya mahali iliposimama, nazo zinajua faida ya mpango huo na mashaka yake.

Makala haya yanalinganisha njia nne ambazo familia yenye kipato cha kawaida huzipima inapochoka kuhamahama. Ya kwanza ni kuendelea kupanga apatimenti. Ya pili ni kununua nyumba ya kiwandani ndani ya kijiji cha nyumba hizo ambacho ardhi yake ni ya mtu binafsi au kampuni. Ya tatu ni kununua nyumba hiyohiyo katika kijiji ambacho wakazi wenyewe wameinunua ardhi kwa njia ya ushirika. Ya nne ni kuiweka nyumba ya kiwandani juu ya kiwanja chako mwenyewe. Nyumba ya kawaida iliyojengwa papo hapo sikuiweka, kwa sababu anayeweza kuimudu bila kujibana kwa kawaida hasumbuki na uchaguzi huu.

Nyumba yenyewe ni ipi

Nyumba ya kiwandani, ambayo wengi wetu tunaiita treila, hujengwa yote kiwandani juu ya fremu ya chuma, husafirishwa kwa barabara, kisha hushushwa na kufungwa mahali pake. Ipo ya kipande kimoja, ambayo ni ndefu na nyembamba, na ipo ya vipande viwili vinavyounganishwa, ambayo kwa ndani ni vigumu kuitofautisha na nyumba ya kawaida. Tangu tarehe 15 Juni 1976 nyumba hizi hujengwa kwa kanuni za kitaifa zinazosimamiwa na HUD, yaani Wizara ya Nyumba na Maendeleo ya Miji, na kila kipande hubandikwa nje kibati chekundu chenye namba. Zilizojengwa kabla ya siku hiyo ni jambo jingine kabisa: wakopeshaji wengi hawazigusi, vijiji vingi havizipokei zikihamishwa, na bima yake ni ya shida. Ukionyeshwa nyumba isiyo na kibati, uliza mwaka wake kabla ya kuuliza bei.

Vigezo vya ulinganisho

Nimechagua vigezo sita: fedha za kuingilia, malipo ya kila mwezi, aina ya mkopo, kinga dhidi ya mwenye ardhi, ugumu wa kuondoka, na maisha ya kila siku. Havina uzito sawa. Kigezo cha nne, cha ardhi, ndicho kinachoitofautisha njia moja na nyingine, na vingine vingi hufuata nyuma yake.

Fedha za kuingilia

Apatimenti ndiyo rahisi kuingia, angalau kwa mwenye karatasi. Unahitaji kodi ya mwezi wa kwanza, amana na ada ya maombi, pamoja na kuonyesha kipato ambacho mara nyingi hutakiwa kiwe mara tatu ya kodi. Kikwazo kwa familia zetu ni idadi ya watu: wenye nyumba wengi huhesabu watu wawili kwa chumba cha kulala, na familia yenye watoto sita hujikuta ikitafutiwa apatimenti ya vyumba vinne ambayo mjini haipatikani au haishikiki kwa bei.

Nyumba mpya ya kiwandani ilikuwa na bei ya wastani ya zaidi kidogo ya dola 120,000 mwaka 2023, bila ardhi, na ile ya kipande kimoja ilikuwa chini ya hapo kwa kiasi kikubwa. Lakini wengi hawaanzi na mpya. Nyumba iliyotumika, ambayo tayari imekaa kijijini, huuzwa na mkazi anayehama kwa bei ya chini zaidi, na zilizozeeka huweza kupatikana kwa bei ya gari lililotumika. Kwa Mwislamu anayejiepusha na riba, hii ni mojawapo ya njia chache za kumiliki nyumba Marekani kwa fedha taslimu, na zipo familia zilizofika hapo kwa zamu ya upatu.

Katika kijiji cha kampuni na cha ushirika, muuzaji kukubali bei hakutoshi. Ofisi ya kijiji nayo lazima ikukubali wewe kuwa mkazi, ikiangalia kipato, historia ya mikopo na rekodi ya polisi. Usitoe hata senti kabla ya kupata kibali hicho kwa maandishi. Hakikisha pia kwamba kijiji si cha wenye umri wa miaka 55 na kuendelea. Sheria ya Marekani inaruhusu vijiji vya namna hiyo, na tangazo zuri la nyumba ya bei nafuu mara nyingi hulificha neno hilo chini kabisa. Ushirika huongeza ada ya uanachama, ambayo kwa kawaida si kubwa.

Kiwanja chako mwenyewe ndiyo njia ghali kuingilia, na gharama inayoumiza si ya ardhi. Ni ya kisima au kuunganishwa na maji ya mji, shimo la majitaka, nguzo za umeme, msingi wa zege na njia ya kupitisha lori. Ukiangalia bei ya eka moja mashambani Texas au Kentucky ukadhani umeokota dhahabu, kumbuka kwamba eka hiyo bado haiwezi kuchota ndoo ya maji. Tena miji mingi hairuhusu nyumba za kiwandani katika maeneo yake ya makazi, kwa hiyo swali la kwanza liende kwa ofisi ya mipango miji ya kaunti, si kwa dalali.

Malipo ya kila mwezi na mkopo

Vigezo hivi viwili ni afadhali visomwe pamoja. Aliyenunua nyumba kijijini kwa mkopo hulipa mara mbili kila mwezi: rejesho la nyumba na kodi ya kiwanja. Kodi ya kiwanja hutofautiana sana, kuanzia mia chache katika majimbo ya kati hadi kupita dola elfu moja katika sehemu za California na Florida, na mara nyingine maji na taka zimo ndani yake, mara nyingine hazimo.

Mkopo wenyewe, kama ardhi si yako, kwa kawaida si mkopo wa nyumba bali ni mkopo wa mali inayohamishika, wa ukoo mmoja na ule wa gari. Ripoti ya mwaka 2021 ya CFPB, taasisi ya serikali ya kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha, ilionyesha kwamba takriban asilimia 42 ya mikopo ya kununulia nyumba za kiwandani ilikuwa ya aina hii. Riba yake huwa juu zaidi, muda wake ni mfupi zaidi, baadhi ya kinga za sheria ya mikopo ya nyumba haziufikii, na ukishindwa kulipa, kunyang'anywa huweza kwenda haraka kuliko nyumba ya kawaida inavyopigwa mnada.

Chukua mfano wa mkopo wa dola 80,000. Kwa riba ya asilimia 10 kwa miaka 20, rejesho ni kama dola 772 kwa mwezi. Kwa riba ya asilimia 7 kwa miaka 30, kama mkopo ungeandikwa kwa nyumba pamoja na ardhi, rejesho lingekuwa kama dola 532. Mtu atasema miaka 20 inaisha mapema na jumla ya malipo inakaribiana, naye atakuwa na haki. Hata hivyo, familia haifi njaa kwa jumla ya miaka 30. Inabanwa na mwezi huu, na mwezi huu unadai hizo dola 772, kisha kodi ya kiwanja juu yake. Mwenye kiwanja chake halipi kodi hiyo. Anabaki na kodi ya ardhi ya kaunti, bima na matengenezo ya mitambo yake mwenyewe.

Upo mpango wa FHA, idara ya HUD inayodhamini mikopo ya nyumba, uitwao Title I, unaodhamini mikopo hata kwa nyumba iliyo juu ya ardhi ya kupanga, lakini unataka mkataba wa kiwanja wenye muda wa kuanzia usiopungua miaka mitatu, ilhali vijiji vingi hutoa mkataba wa mwezi kwa mwezi au wa mwaka mmoja. Fahamu pia kwamba tangu Mei 2025 mikopo inayodhaminiwa na FHA haiwapokei tena wageni wasio na ukaazi wa kudumu, jambo ambalo limezibadilishia hesabu familia nyingi ambazo bado zinasubiri karatasi. Wakopeshaji binafsi wana masharti yao. Muuzaji wa nyumba mpya mara nyingi atakupeleka kwa mkopeshaji wake, ambaye huenda ni wa kampuni ileile. Omba makadirio kutoka kwa mkopeshaji wa pili, na hasa chama cha akiba na mikopo cha eneo lako. Fedha za upatu ziingie benki mapema na zikae miezi kadhaa, kwa sababu kiasi kikubwa kinachotokea ghafla wiki moja kabla ya maombi kitakuletea maswali kuhusu chanzo chake.

Katika apatimenti hakuna mkopo wa kuhangaikia. Kodi hupanda kila mkataba unapoisha, na hicho unacholipa hakikurudii. Lakini boila ikiharibika usiku wa Januari, si wewe utakayemlipa fundi.

Ardhi ni ya nani, na sheria inasemaje

Mwaka 2019, huko North Liberty, Iowa, karibu na Iowa City ambako Wakongomani wengi wamehamia, kijiji kimoja cha nyumba za kiwandani kilinunuliwa na wawekezaji kutoka nje ya jimbo, na wakazi wakaarifiwa kwamba kodi ya kiwanja ingepanda kwa zaidi ya nusu kwa mkupuo mmoja. Wakazi waliandamana, wakafika hadi bunge la jimbo huko Des Moines. Ugumu wa hali yao ulikuwa huu: mpangaji wa apatimenti akipandishiwa kodi hufunga virago, lakini mwenye nyumba ya kijijini ana mali ambayo hawezi kuibeba. Mwenye ardhi analijua hilo, na wawekezaji wakubwa wameviingia vijiji hivi kwa wingi katika miongo miwili iliyopita kwa sababu hiyohiyo.

Si haki kusema kwamba kila mwenye kijiji ni mnyonyaji. Vipo vijiji vya familia ambavyo kodi yake imepanda polepole kwa miaka mingi, barabara huondolewa theluji kwa wakati, na mwenyewe anajua watoto wa wakazi kwa majina. Tatizo ni kwamba mzee huyo siku moja hustaafu na kuuza, na ahadi zake haziuzwi pamoja na ardhi. Hapo ndipo sheria ya jimbo inapoamua. Colorado inawapa wakazi siku 120 za kutoa ofa yao kijiji kinapotaka kuuzwa. Washington, kwa sheria ya mwaka 2025, imeweka ukomo wa asilimia 5 kwa mwaka katika kupandisha kodi ya viwanja hivi. Yapo majimbo mengine ambako kinga pekee ni kupewa taarifa ya maandishi kabla ya kupandishiwa. Kabla ya kununua, soma sheria ya jimbo lako au tafuta ofisi ya msaada wa kisheria ikusomee. Ni saa moja inayoweza kukuokolea miaka.

Ushirika ulizaliwa na shida hii. Huko New Hampshire, mwaka 1984, wakazi wa kijiji kidogo cha nyumba za kiwandani mjini Meredith walikopa fedha wakanunua ardhi yao, na leo jimbo hilo lina zaidi ya vijiji 140 vya namna hiyo. Shirika la ROC USA, lililoanzishwa mwaka 2008, limeusambaza mfumo huo, na mtandao wake sasa una vijiji zaidi ya 300 katika majimbo mengi. Kila nyumba ina kura moja. Wanachama huchagua halmashauri, hupitisha bajeti na ndio wanaopanga kodi ya kiwanja. Msomaji aliyewahi kukaa katika mkutano wa ushirika wa kahawa au wa SACCO atautambua mfumo huu mara moja, pamoja na magonjwa yake: akidi isiyotimia, watu wale wale kubeba kamati zote, na ugomvi wa mabomba ya maji unaogeuka ugomvi wa nafsi. Ardhi nayo ina deni lake, kwa hiyo katika miaka ya mwanzo kodi haishuki, na inaweza hata kupanda kidogo ili kulipia mkopo na ukarabati. Kilicho tofauti ni kwamba anayeipandisha hapati faida kwa kuipandisha, na kijiji hakiuzwi nyuma ya migongo yenu.

Kwenye kiwanja chako hakuna haja ya sheria hizi. Kodi ya kaunti isipolipwa, hata hivyo, kiwanja huweza kupigwa mnada.

Siku ya kuondoka

Watu bado huziita nyumba zinazotembea, na jina hilo limewaponza wengi. Kuihamisha nyumba ya kiwandani hugharimu maelfu ya dola kwa usafirishaji, vibali, kuifungua na kuifunga upya, na iliyozeeka huweza isifike salama. Kwa hiyo katika kijiji cha kampuni kuondoka maana yake ni kuuza, na kuuza hutegemea ofisi kumkubali mnunuzi wako. Kodi ya kiwanja ikiwa imepanda, mnunuzi hutoa bei ndogo, kwa sababu anaangalia jumla ya mwezi. Nyumba iliyo peke yake, bila ardhi, mara nyingi hushuka thamani kadiri inavyozeeka, ilhali iliyofungwa pamoja na ardhi kisheria imeonekana kupanda kwa mwendo unaokaribia nyumba za kawaida. Katika ushirika nyumba ni yako kuuza, ila hisa ya uanachama hurudishwa kwa thamani uliyoingilia.

Kuhusu hati, katika majimbo mengi nyumba hizi husajiliwa kama magari mpaka mwenyewe azigeuze kuwa sehemu ya ardhi. Mnunuzi wa nyumba iliyotumika aione hati ya umiliki yenye jina la anayemuuzia, na ahakikishe haina deni wala kodi iliyolimbikizwa. Mikataba ya kupanga huku unalipia kununua huwavutia wasio na historia ya mikopo, lakini kama jina lako haliingii kwenye hati mpaka malipo ya mwisho, kuchelewa mwezi mmoja kunaweza kukurudisha kuwa mpangaji wa kawaida aliyekwisha kumtengenezea mwenzake paa.

Maisha ya kila siku

Katika nyumba ya kiwandani hakuna jirani chini ya sakafu yako, watoto wanakimbia, na nje kuna kipande cha uwanja. Kanuni za kijiji, hata hivyo, huweza kukataza kutengeneza gari nje, kuegesha lori la kazi, au kugeuza uwanja kuwa tuta la mchicha. Uliza hasa kuhusu magari ya wageni, kwa sababu siku ya msiba watakuja watu hamsini, na kanuni inaweza kusema magari mawili. Apatimenti ina ugumu uleule na kelele juu yake. Kwenye kiwanja chako utalima na utapokea wageni wote, lakini basi halifiki, na mke na mume wanaofanya zamu tofauti watahitaji magari mawili.

Upepo usipuuzwe. Watu wanaouawa na tonado wakiwa ndani ya nyumba hizi ni wengi mno ukilinganisha na idadi ya nyumba zenyewe, hasa katika majimbo ya kusini. Baada ya kimbunga Andrew cha mwaka 1992 kanuni za upepo zilikazwa mwaka 1994, hivyo kwa Florida na pwani ya Ghuba ya Meksiko tafuta iliyojengwa baada ya hapo, kagua nyaya zinazoifunga ardhini, na uulize kijiji kina jengo gani la kujikinga. Kaskazini adui ni baridi: mabomba yaliyo chini ya sakafu hugandishwa na kupasuka pale uzio wa chini unapokuwa na matundu.

Kwa hali yako

Familia iliyofika chini ya miaka miwili iliyopita, ambayo haijajua kazi itaipeleka jimbo gani, itapata hasara ndogo zaidi katika apatimenti, ikiitumia mikataba hiyo kujenga historia ya mikopo. Mwenye fedha taslimu za kununua nyumba iliyotumika bila mkopo, na ambaye jimbo lake lina ukomo wa kodi au haki ya wakazi kununua, anaweza kuishi kwa nafuu kubwa hata katika kijiji cha kampuni. Hesabu hiyo ifanywe upya kwa kuweka kodi ya kiwanja iliyopanda kwa nusu, na kama bado inakaa, aendelee. Anayehitaji mkopo wa riba kubwa ili aingie kijiji cha kampuni katika jimbo lisilo na kinga, kwa maoni yangu, asubiri.

Ushirika unamfaa mwenye nia ya kukaa miaka mingi na asiyechukia mikutano, na unamfaa zaidi kama hajali kujifunza msamiati wa bajeti kwa Kiingereza ili apige kura akijua anachopigia. Kiwanja kinamfaa mwenye akiba ya kutosha kwa maji na majitaka, karatasi za kumwezesha kupata mkopo wa muda mrefu, na kazi isiyo mbali. Ndugu wawili wanaonunua eka moja kwa pamoja waandikishane mapema nani anamiliki nini, na waulize kaunti kama inaruhusu nyumba mbili.

Na ambaye tayari anaishi kijijini, akaona tangazo la kuuzwa limebandikwa ofisini au limefika kwa barua, asiliweke kando kusubiri mtoto alitafsiri Jumamosi. Katika jimbo linalowapa wakazi nafasi ya kutoa ofa, huenda siku zao zimeanza kuhesabiwa tangu tarehe iliyo juu ya barua hiyo.